Nilisema Wanga

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimerudi Kitale na hasira hata chai haipiti. Nilienda Mabanga kumwona Kagwe, mtoto wa ndugu yangu Kim. Amebeba jina la marehemu baba yetu, na sasa amekaa mkekani amelegea, hachezi, hacheki, nzi anatembea usoni na hamfukuzi.

Ati amenona! Kukhu yake, nyanya anayemlea, mama wa Nekesa mke wa Kim, ananionyesha mashavu kwa furaha: "Angalia vile mtoto ameshiba, mwalimu." Nikabonyeza mguu wake na kidole gumba. Shimo likabaki. Nikahesabu kimoyomoyo, bado limebaki, kama umebonyeza unga uliokandwa. Hiyo si nyama, ni maji! Nywele zimekuwa nyekundu, nyembamba. Ngozi ya mapaja imeanza kubanduka.

Nikauliza anakula nini. Uji wa muhogo. Ugali na mchuzi wa sukuma — mchuzi, si hata majani yenyewe. Strungi, chai bila maziwa, yenye sukari. Na maharagwe mapya yako gunia zima nyuma ya mlango! Maharagwe? Hapana, yanamjaza upepo tumboni. Na mayai je? Kuku wanatagia mpaka chini ya kitanda! Akaniangalia kama mimi ndiye sina akili. Mtoto ana miaka miwili na bado hajasema neno, na mimi nataka apewe yai? Si kila mtu anajua yai linachelewesha mtoto kusema.

Kila mtu nani? Mimi nafundisha biolojia na hakuna siku nimekutana na huyo kila mtu.

Nikamwambia tumpeleke hospitali kesho. Akasema mtoto aliyenona haendi hospitali, watu watacheka. Halafu babake ndiye aseme.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempigia Kim. Yeye na Nekesa wako Suam, wanauza nguo na viatu pale mpakani. Tangu Nekesa aache kumnyonyesha, mtoto yuko kwa nyanya. Sawa, watu wanatafuta riziki. Silaumu hiyo.

Lakini Kim! Ati nisianze kuwasumbua wakwe zake. Ati mamake Nekesa amelea watoto saba, mimi nimelea nani? Ndugu yangu wa damu ananiambia hivyo! Ati alitumiwa picha, mtoto ni mnono sana, mpaka wenzake wa soko wamemsifu.

Nikamweleza vizuri, kama Form One. Unga ni sukari nyingi zilizoshikana mikono, mnyororo mrefu, basi. Ukiukata unapata sukari. Huwezi kuukata ukapata damu na msuli. Msuli unataka protini, na protini inatoka kwa protini: maharagwe, maziwa, yai, omena. Hata ile inayoshika maji ndani ya mishipa ni protini. Ikiisha, maji yanatoroka, yanateremka miguuni. Hapo ndipo Kagwe amefika, Kim! Mtoto wako anakula kila siku na anakufa njaa!

"Eeh, sawa, sawa." Nikadhani imeingia. Kumbe alikuwa anahudumia mteja.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepitia dukani kwa Mama Dayawanti kununua dengu na soya. Alikuwa kwa kaunta na miwani yake kwa kamba. Nikasema nataka protini, nikalalamika sina nyama ya kupelekea mtoto. Ai! Alinigeukia kama nimemtukana. Kwao hawajawahi kula nyama, tangu babu yake. Watoto wake wanne, mmoja ni daktari, mmoja alichezea Kitale hoki. Walijengwa na nini, hewa? "Mwalimu mzima unasema protini ni nyama! Chukua dengu, wacha maneno."

Yeye ana haki. Nimeaibika kidogo. Hata sisi wenye vyeti tuko na "kila mtu anajua" zetu.

Nimepata wazo. Jeruto, mwenyekiti wa chama cha wamama wa Mabanga, aliniomba zamani nikawaongeleshe juu ya chakula. Nimempigia, wanakutana Jumatano, na kukhu ya Kagwe ni mwanachama. Huyo mama hatanisikia peke yangu, lakini mbele ya wenzake atasikia. Watu wa huku wanaamini kitu wameona na macho. Basi nitawaonyesha. Nina chupa ya ayodini na dawa zingine za maabara kwa nyumba, nilizibeba tukifunga shule. Uji utageuka mweusi, yai litageuka zambarau. Nani atabisha?

Jumanne, 12 Agosti

Jeruto amenionya: nisiwaletee Kizungu, kuna wamama wazee. Mimi nibahatishe Kiswahili? Nimefungua kamusi. Nimeandika kadi kubwa za kuonyesha. MAFUTA. PROTINI. SUKARI. WANGA. Herufi kubwa nyeusi, zisomeke mpaka nyuma.

Jumatano, 13 Agosti

Ngai. Mungu wangu.

Sijui nianze wapi. Wacha niandike vile ilienda.

Walikuwa wamama kama ishirini, chini ya mabati ya Jeruto. Nikaanza na sukari na mafuta, wakacheka, wakauliza maswali. Vizuri sana. Nikasema niletewe chakula yoyote ya mtoto. Kukhu ya Kagwe ndiye aliinuka wa kwanza! Kwa maringo, kikombe mkononi, uji wa Kagwe, mweupe, umepoa. Alikuwa ananipenda wakati huo.

Nikatia ayodini. Tone mbili. Ukageuka bluu, halafu mweusi tititi. Wamama wakasema "Eeeh!" Mimi kichwa kikanivimba. Nikainua kikombe juu na mkono mwingine nikainua kadi. Nikasema na sauti ya darasa: "Mnaona? Hiki ndicho kinamfanya mtoto avimbe! Hapa ndani ni Wanga! Wanga tupu!"

Wamama wote wakageuka kumwangalia kukhu.

Sasa, kukhu ya Kagwe si Mbukusu. Alizaliwa Mumias. Ni wa kabila la Wanga, aliolewa huku akiwa msichana, na mpaka leo wakigombana naye kisimani wanamwita "huyo wa Wanga". Wabukusu na Wawanga wana maneno yao ya zamani, ya babu wa babu, ya nani anamloga nani, watu wanayataja wakicheka lakini hawachekeshwi. Mimi nilijua! Nimejua tangu harusi! Lakini neno lilikuwa kwa kadi, lilitoka kwa kamusi, na kwa kichwa yangu lilikuwa starch, ya unga tu. STARCH!

Mama mmoja nyuma akasema pole pole, "Mwarimu amesema. Mwarimu amepima."

Kukhu akaangalia kadi. Anajua kusoma. Akaangalia kikombe. Akasema, "Mimi nimemwekea mjukuu wangu dawa?" Akanyoosha mkono, akachukua kile kikombe, akakiinua anywe mbele ya wote. Ili waone. Na mimi nikafanya nini? Nikaruka nikampokonya. "Usinywe hiyo!"

Si ni ayodini ya maabara! Haifai kunywewa! Mwalimu gani angemwacha anywe?

Lakini andika pia vile wao walisikia. Walisikia mwalimu anapiga kelele kwamba ile uji haifai kunywewa.

Kukhu alitoka. Hakukimbia. Alifunga leso yake vizuri, akatoka. Nikapiga kelele wasubiri, bado yai, yai litageuka zambarau! Nani alitaka yai? Jeruto akaniambia nipange vitu vyangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepiga simu mara ngapi. Kukhu hashiki. Nekesa hashiki. Jeruto ameshika, amesema, "Mwalimu, wacha kwanza," amekata.

Nimekasirikia mtu aliyetunga hilo neno. Kwani Waswahili walikosa lingine?

Ijumaa, 15 Agosti

Kuna video.

Mtu alikuwa anarekodi. Mama Dayawanti ndiye alinionyesha, alitumiwa na mjukuu wake. Nimeingia dukani kununua chumvi, naona uso wangu kwa simu ya mwenye duka! Imekatwa vizuri kabisa: kikombe kinageuka cheusi, mimi nasema "Wanga tupu!", mama wa watu anainua kikombe, mimi naruka, "Usinywe hiyo!" Mwisho. Hakuna mafuta, hakuna sukari, hakuna maelezo. Juu wameandika: Mathe ananaswa live akiwekea mtoi dawa kwa uji, Bungoma!!! Na emoji za moto na vicheko.

Na maoni ya watu! Mmoja ati anawajua hao watu vizuri. Unawajua nini, wewe? Mwingine ati mwalimu ni shujaa, apewe medali. Nilitamani kuingia ndani ya simu nimshike koo. Nimeandika jibu refu nikieleza kila kitu, starch, iodine, mnyororo. Mtu akajibu: "Madam wacha theory."

Mama Dayawanti hakucheka. Akasema: "Kuweka dawa kwa chakula ya mtu mbele ya watu si mzuri. Hata kama ni ya sayansi. Chakula ni mkono ya mtu." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia angesema hivyo Jumatatu. Akanipimia chumvi.

Jumapili, 17 Agosti

Kim amepiga. Si kuongea, kunguruma! Kumbe mimi nilijua mtoto anawekewa dawa na sikumwambia wazi! Ati juzi nilizunguka na mambo ya mnyororo badala ya kusema mamake Nekesa ni mtu mbaya!

Nikamwambia hakuna dawa. Ni muhogo. Angeweka hata mkate wake pale ungegeuka mweusi.

"Nyaruai, nimeona na macho yangu."

Kwa mara ya kwanza maishani Kim anaamini kitu nimefundisha, na ni hiki.

Amesema ametuma vijana wa boda waende Mabanga wamchukue mtoto. Wamekuta nyumba imefungwa. Kukhu ameenda na Kagwe, hakuna anayejua wapi. Nekesa analia nyuma, nimemsikia. Kim anasema akimpata huyo mama... Sitaandika alichosema. Ni ndugu yangu.

Na kila siku hii maji yanapanda kwa miguu ya mtoto. Hiyo ndiyo hakuna mtu anataja! Wote wanatafuta mchawi, hakuna anayetafuta mtoto!

Jumatatu, 18 Agosti

Jeruto amenipigia mwenyewe. Kukhu yuko Misikhu, kwa dada yake anayeuza vitunguu sokoni. Ameniambia kwa sharti: nisimwambie Kim, na nisiende na chupa.

Nitaenda na chupa.

Jumanne, 19 Agosti

Nimempata. Alikuwa nyuma ya nyumba ya dada yake, Kagwe mapajani. Macho ya mtoto yamefungika kwa uvimbe. Miguu inameta.

Nilikuwa nimepanga kusema "Mama, hukunielewa." Nimerudia hiyo sentensi tangu Kitale. Akanitangulia. Hakupaza sauti. "Mwalimu, umekuja kunipima tena?"

Nikaketi chini, mkoba mapajani.

Akaniambia anajua watu walisema nini, na yeye si mgeni wa hayo maneno, ameishi nayo tangu aolewe. Lakini kwa Kagwe hakuna mtu alikuwa amemnyooshea kidole, mpaka mimi. Mtoto alitapika maharagwe, akaacha. Alikataa maziwa mamake alipoenda, akaacha. Uji ndio ulibaki. Uji ndio alikuwa anakubali kufungulia mdomo. Basi akampa uji, mara tano kwa siku, anamwimbia. "Sasa ningempa nini, mwalimu? Ningemwacha na njaa ndio niwe mtu mzuri?"

Nilikuwa na mkate kwa mkoba. Nikautoa, wangu, nimeuma tayari. Nikatia tone. Mweusi. Nikatia kwa ugali wa dada yake, kwa kiazi cha jirani. Mweusi, mweusi. Nikamwambia: hii dawa inakuwa nyeusi ikikuta unga, unga wowote, wa mtu yeyote. Neno lilikuwa la unga, halikuwa lako. Nikamwambia pole. Sijui kama nilisema vizuri. Mimi pole zangu hutoka kama nagombana.

Aliuchukua ule mkate, akaugeuza. Akasema, "Wale wamama ishirini, utawapitia mmoja mmoja na mkate?"

Halafu akainuka, akamfunga mtoto mgongoni. "Twende hospitali. Mtoto kwanza, hayo mengine tutagombana baadaye."

Tumemlaza Bungoma. Nesi anaitwa Chepkosgei, mtu wa maneno machache. Amebonyeza mguu kama mimi, amepima mkono na ile mkanda ya rangi, ikasimama kwa nyekundu, ile ya hatari. Nikatoa mayai yangu na dengu ya kusaga. Akayasukuma kando! Ati si sasa, mwili hauwezi kubeba hiyo yote, kwanza maziwa mepesi ya wodi, yana sukari na hata unga kidogo, protini ataongezewa pole pole. Nimebisha. Nimebisha na nesi ndani ya wodi yake! Akaniuliza kama naendelea au aendelee.

Kukhu alimpa kikombe cha kwanza. Akanywa nusu. Nikampigia Nekesa aje.

Jumatano, 20 Agosti, asubuhi

Kim amekuja na Nekesa alfajiri. Sikuwepo, nililala kwa rafiki mjini. Nimefika nikamkuta kukhu nje ya geti, kwa jiwe, na mfuko wake wa nguo. Kim amemtoa! Ameongea na askari, amesema yeye ndiye baba, huyo mama asiingie, asiguse kikombe wala kijiko. Na askari ameona video! Alinisalimia kwa heshima: "Madam, wewe ndiye yule." Nilitaka ardhi inimeze.

Nimemfuata Kim mpaka kwa maegesho. Nimemwambia kila kitu. Nimetoa chupa nimwonyeshe kwa mkate. Akarudi nyuma hatua mbili. "Usilete hiyo dawa yako karibu na mtoto wangu." Ati sasa wamenipata na mimi. Ati huyo mama amenipatia kitu nikala huko Misikhu ndio nimegeuka.

Mwanaume wa shule! Tulilala kitanda kimoja tukiwa watoto, tukala sufuria moja!

Jumatano, mchana

Niko kwa benchi ya wodi. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mtu.

Kagwe hali. Tangu kukhu atolewe hajameza kitu. Nekesa amejaribu na kikombe, amejaribu na kijiko, anambembeleza, mtoto anageuza uso ukutani. Ni mamake lakini amemsahau, na Nekesa anajua. Nimejaribu mimi, amenitemea. Kim amejaribu. Mtoto amelia bila machozi, sauti ndogo kama ya paka, akanyamaza, na hiyo kunyamaza ndiyo nimeogopa.

Chepkosgei amesema asipokunywa saa hii itabidi mpira wa puani. Na kwamba mtoto wa hali hii hapaswi kukaa bila chakula hata kidogo, sukari ya damu inaanguka. Akauliza, jana alikunywa na nani? Nekesa akaangalia chini. Kim akasema anatoka kuongea na simu.

Nimeenda getini.

Askari akasema amri ni ya baba. Nikamwambia si umenisalimia kwa heshima? Basi mimi, mwalimu wa ile video, nasema kile kikombe hakikuwa na kitu. Nilikosea kusema. Huyu mama hajaweka dawa. Nilisema kwa sauti, watu wa foleni wakageuka, kijana mmoja akatoa simu. Nikamwambia rekodi! Rekodi hii pia, na usikate!

Kukhu bado amekaa. Nikamwambia, Mama, mtoto hali. Ni hiyo tu. Sikuongeza pole, wala sayansi.

Amekuja. Ameosha mikono mpaka kwa viwiko, mbele ya nesi, na sabuni, mara mbili, ili kila mtu aone. Hiyo imeniuma kuliko yote. Nekesa amempisha kitandani. Kukhu amemwinua Kagwe kichwa, ameanza kumwimbia chini chini kwa Kiwanga, na kijiko kiko mdomoni, kinangoja.

Amefungua. Kidogo. Amemeza. Kingine. Nekesa ameshika mdomo wake na mikono yote miwili.

Kim amerudi. Amesimama mlangoni mwa wodi, simu bado mkononi, ameona. Anakuja. Uso wake—

Kagwe amefungua mdomo tena. Naweka hii kalamu chini nikasimame katikati.